Uji Haukuwa na Kosa

Mulamu wangu Odile,

Béatrice amerudi jana kutoka Ruashi na jibu lako. Nilikuwa nimemtuma akuombe uje unione kabla sijafa, tuzungumze sisi wawili chumbani kwangu. Ameniambia ulimsikiliza umesimama, mkono mmoja juu ya gunia la makala, mkaa unaouuza, ukasema: "Alinyamaza mbele ya bantu, aseme mbele ya bantu. Mu chumba miye sina kitu ya kusikia." Kisha ukamgeukia mteja wako.

Una haki. Kwa sababu hiyo barua hii iko wazi. Béatrice ataisoma Jumapili hapa uani kwa watu wa ukoo wenu waliobaki na majirani watakaokuja. Amesema pia atapiga picha kila ukurasa na kuituma kwenye simu za ukoo mzima, hata wale wa Kongolo na Kalemie. Mimi sauti yangu haifiki tena hata mlangoni.

Unisamehe basi nikikuambia unayoyajua, maana wengine watakaosikia walikuwa hawajazaliwa. Wewe ni mdogo wa Georgette, mke wangu, mama yake Béatrice. Ulikuja kuishi kwetu, hapa commune ya Kenya, mtaa wa mji huu, ukiwa na miaka kumi na sita, ili usome katika shule niliyofundisha biolojia. Darasani uliniita Prof. Nyumbani uliniita mulamu, yaani shemeji. Siku ukikasirika ulichanganya yote: "Prof mulamu, chumvi umeifichia nani?" Georgette alicheka mpaka akashika mlango. Kisha Georgette akafa, na wakwe zangu wakasema wewe ndiye uliyemuua, kwa uchawi uliotiwa katika uji. Umebeba jina la mulozi zaidi ya miaka thelathini.

Uji haukuwa na kosa. Wewe hukuwa na kosa. Nataka kuandika kwamba nililijua hilo tangu siku ileile, lakini mkono unasimama. Sijui kama nililijua. Ninaandika asubuhi tu, kichwa kikiwa bado kimetulia kidogo, na hata hivyo mambo yananiponyoka. Nitaandika kama yanavyokuja.

Unakumbuka somo la utando wa seli? Sikuwa na picha ya kuwaonyesha, nikawatoa uani, nikawapanga mstari mmoja mkiwa mmeshikana mikono. Ninyi ndio mlikuwa utando. Wewe na rafiki yako mlikuwa mlango. Nikasema mlango huu haufunguliwi kwa nguvu. Una mahali pawili pa kuguswa, kama mabega mawili, na anayeugusa ni kemikali ndogo inayotoka kwenye ncha ya neva. Ikikaa juu ya mabega yote mawili, mlango unafunguka kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, sodiamu inaingia mbio, na msuli unajikunja. Kemikali hiyo inaitwa asetilikolini. Mlango huo unaitwa kipokezi. Wenzako niliowapa kazi ya sodiamu wakaingia wakisukumana mpaka rafiki yako akaanguka, na mkuu wa shule akatoka ofisini kuuliza kama ile ni biolojia ao ni mupira.

Wakati wengine wanacheka, wewe ulibaki umesimama, ukaniuliza: "Prof, na kama muntu mwingine anakuya, anakala pa bega yangu, na haondoke?"

Nikasema: "Basi mlango hautafunguka, hata ujumbe ukifika."

"Na musuli?"

"Utangoja."

"Utangoja mpaka siku gani?"

Kengele ikalia. Nikawaruhusu mwende.

Ugonjwa wa dada yako ulianza mwaka uliofuata. Asubuhi alikuwa Georgette yuleyule, akifagia, akiimba, akigombana na muuza sombe, majani ya muhogo. Ikifika alasiri kope zilishuka, moja kabla ya nyingine. Akitafuna nyama, taya lilichoka katikati ya kipande, akalifunga kwa mkono. Ili aone, ilimbidi arudishe kichwa nyuma na kuchungulia chini ya kope zake, na wanawake wa pale bombani wakaona ni majivuno. "Mumuone, tangu bwana yake amekuwa Prof, anatuangalia ku pua." Wewe ukawajibu: "Mama, kama pua yake inakusumbua, teka mayi uende." Nilikusikia nikiwa dirishani. Nilifurahi, na sikutoka kukuunga mkono. Pengine nilianza hapo kukuachia maneno ambayo yalikuwa yangu kuyasema.

Tulimpeleka kwa daktari mmoja mzee, mjini. Wewe ulibeba chakula, mimi nilibeba maneno yangu ya Kifaransa. Daktari alimchoma sindano mkononi, akatuambia tungoje. Tulingoja. Kope zikapanda zenyewe, polepole, mpaka macho yakawa wazi kabisa. Georgette alikutazama wewe, si mimi, akasema: "Odile! Kumbe umenenepa hivi?" Daktari mwenyewe alicheka.

Kisha akatueleza. Askari wa mwili, wanaopaswa kupigana na vijidudu, wamekosea adui, wanashambulia vipokezi vya misuli yake. Neva inatuma kemikali yake kama kawaida. Milango ya kuipokea ndiyo imepungua. Asubuhi, mtu akiwa amepumzika, neva inamwaga kemikali ya kutosha kuigusa milango michache iliyobaki. Msuli ukitumika tena na tena, kila mpigo unaleta kidogo kuliko uliotangulia, mpaka milango inayofunguka haitoshi kuuamsha msuli. Nilikuwa bado natafuta namna ya kukutafsiria wakati uliposema: "Ah. Njo ile ya bega." Ulielewa kabla yangu. Nikamwambia daktari kwa fahari: "Ni mwanafunzi wangu."

Alimpa vidonge. Mwilini kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuifagia kemikali ile mara inapomaliza kugusa mlango, na vidonge vinamchelewesha mfagiaji huyo, ili kemikali kidogo iliyopo idumu. Wewe ndiye uliyeshika kazi hiyo. Ulimpa kidonge, ukaosha vyombo, ukasubiri kidonge kianze kazi, ndipo ukamletea bukari, ugali wetu. Jirani akasema: "Yule mutoto anamutiaka kitu mu kinywa mbele ya chakula." Tulicheka, sisi watatu. Nilidhani ni maneno ya kupita.

Daktari alitoa pia karatasi. Hapa ndipo ninapopotea. Ninakumbuka aliiandika mbele yangu, orodha ya dawa ambazo Georgette asipewe kamwe, akainua macho akasema: "Surtout pas de quinine," yaani zaidi ya yote asipewe kwinini. Ninakumbuka vilevile kwamba daktari hakusema lolote, kwamba muuguzi alinikimbilia nje na karatasi iliyokunjwa wakati nikisimamisha teksi, nikaitia mfukoni bila kuisoma. Katika kumbukumbu ya kwanza ninasikia kalamu yake ikikwaruza. Katika ya pili mvua inaninyeshea shingoni. Zote mbili ni hai. Mojawapo ni ya uongo, na nimelala miezi mingi nikizipima bila kujua ni ipi.

Halafu ikaja homa. Ilikuwa wakati wa mvua, na kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na mgonjwa. Pale zahanati muuguzi alimgusa Georgette paji la uso, akasema ni palu, kama wote tunavyosema malaria hapa, na ni kali. Akaniuliza: "Prof, bibi iko na ugonjwa ingine?"

Nikasema: "Apana."

Odile, sijui kwa nini nilisema hapana. Nimejiuliza nikiwa kijana na nikiwa mzee. Pengine nilimwona muuguzi ana haraka. Pengine niliona aibu ya ule ugonjwa ambao watu waliuita majivuno. Pengine niliogopa homa kuliko kitu kingine chochote, na miaka ile, katika mji huu, mwili ukiwaka moto hakuna aliyefikiri mara mbili: palu kali, kwinini katika serum, mshipani, tone kwa tone. Niliibeba kwinini mwenyewe mfukoni mwa koti, kutoka duka la dawa hadi kitandani kwake hapa nyumbani, muuguzi akaja kuitundika.

Sasa nimesoma, nikaelewa. Kwinini inaingia katika mlango uleule, ule wa kwako na rafiki yako uani, na kukaa kizingitini. Mwenye milango mingi hahisi kitu. Georgette alikuwa na michache. Lakini nilimuuliza daktari mwingine miaka mingi baadaye, bila kumwambia ni nani, akanijibu kwamba homa peke yake inaweza kumwangusha mgonjwa wa aina ile. Na palu bila dawa ingeweza kumuua pia. Kwa hiyo labda ni mimi, labda si mimi. Nikifika hapo akili yangu inazunguka na kurudi ilipotoka.

Siku ya serum ya pili sauti yake ilianza kutokea puani. Nilikuwa uani nasahihisha mitihani. Wewe ulitoka na bakuli la uji mkononi, ukasimama mbele ya meza.

"Mulamu, tangu baliweka ile serum hawezi kumeza muzuri. Iyi dawa inamumaliza."

Sikuinua kichwa. Nikakuambia: "We njo docteur sasa?"

"Apana. Miye niko mwanafunzi yako."

Ulingoja. Sijui ulingoja kwa muda gani. Kisha ukarudi ndani. Nilisahihisha karatasi nyingine mbili, hilo nalikumbuka bila wasiwasi wowote. Halafu nikasikia anapaliwa. Ulipomwinua na kumpiga mgongoni uji ulitoka, pumzi haikurudi kama inavyopasa. Ilikuwa inaingia kidogo, kidogo zaidi, kifua kikichoka kama kope zilivyokuwa zikichoka. Alitutazama muda wote. Kabla jua halijashuka alikuwa amekwisha.

Niwaeleze sasa wale wachanga desturi ambayo wewe unaijua vizuri mno. Kwetu mke hazikwi kabla mume hajasimama kwenye kilio, mbele ya wakwe zake, na kueleza ugonjwa tangu siku ya kwanza hadi pumzi ya mwisho. Wakwe wana haki ya kuuliza. Jibu lake ndilo ukoo mzima unaondoka nalo.

Mjomba wenu mkubwa aliniita: "Mukwe, simama. Utuambie. Mutoto yetu aligonjwa nini?"

Nilisimama. Nilieleza kope, nikaeleza taya. Nikasema tulimpeleka kwa daktari, akapewa vidonge. Nikasema alishikwa na palu, akatibiwa. Nilisema hivyo tu, "akatibiwa". Kisha nikasema alipaliwa na uji, akafa.

Mjomba akauliza: "Uji nani alimupa?"

Nikasema: "Odile."

Kila neno nililolisema lilikuwa la kweli. Mtu angeweza kulikagua moja moja asikute uongo. Shangazi yenu akapiga yowe, mwanamke wa pale bombani akasimama akasema ameona kwa macho yake kitu ukikitia mdomoni mwa dada yako kabla ya kula. Mwingine akasema ndiyo maana Georgette aliamka mzima na kufikia jioni akawa hoi, wewe ulikuwa unashinda naye. Ugonjwa wenyewe, kama daktari alivyoueleza, uligeuzwa mikononi mwao ukawa ushahidi juu yako. Nami nilikuwa mtu pekee pale uani ambaye angeweza kuwafafanulia, nimefundisha jambo hilo kila mwaka kwa chaki.

Walipotupa nguo zako nje hukulia. Ulinitazama juu ya vichwa vya watu, ukasema: "Prof, eleza."

Nikaangalia viatu vyangu.

Nimejitengenezea sababu. Béatrice alikuwa na miaka minne. Kama ningetaja kwinini, wakwe wangenipiga, wangemchukua mtoto, nisingemwona tena. Ni sababu nzuri, mtu yeyote angeielewa. Tatizo ni kwamba sikumbuki kuifikiria siku ile. Ninadhani niliipata baadaye, nikairudisha nyuma na kuiweka mahali pake, kama mwalimu anayejaza daftari la mahudhurio mwisho wa juma. Siku ile nadhani sikufikiri kitu. Nilisikia jina lako likitoka kinywani mwangu, nikaona macho yote yameniacha yamekwenda kwako, nikapumua.

Kabla ya mvua za mwaka jana, Béatrice alikuwa anapanga madaftari yangu ya zamani ya masomo. Akanijia na karatasi. Ni ileile, ina mwandiko wa daktari yule mzee. Dawa sita au saba. Chini ya neno kwinini kuna mistari miwili, imepigwa kwa wino wa buluu.

"Papa, huyu mustari alipiga nani?"

"Mimi. Ni kalamu yangu."

"Siku gani? Mbele mama hajafa, ao nyuma?"

"Sijui."

"Haujui, ao hautaki kujua?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Kama niliipiga kabla, nilimpa dada yako sumu nikiwa na macho mawili. Kama niliipiga baada, nilikaa na karatasi mkononi nikajua wewe huna kosa, nikaikunja tena, nikaendelea kufundisha. Nimejaribu kuchagua iliyo nyepesi kati ya hizo mbili. Siku nyingine ninachagua ya kwanza, siku nyingine ya pili.

Nikamweleza Béatrice yote. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kitanda changu, akasema: "Papa, miye nilimuonaka mama mudogo. Ku soko ya Ruashi, niko na mimba ya Trésor. Aliniita kwa jina. Nikavuka barabara, nikashika tumbo, asiniangalie mutoto." Akaanza kulia. "Uliniacha nivuke barabara."

Hilo, Odile, ndilo lililonifanya nikutafute. Ningependa kusema dhamiri yangu iliamka yenyewe. Haikuamka.

Basi ninasimama tena, ingawa nimelala, na ninaeleza ugonjwa kama nilivyopaswa kuueleza. Watu wa ukoo wa Georgette, sikilizeni. Mtoto wenu aliugua ugonjwa wa misuli. Vipokezi vya misuli yake viliharibiwa na mwili wake mwenyewe. Hakuna mtu aliyemtumia ugonjwa huo. Alikuwa mzima asubuhi na hoi jioni kwa sababu ndivyo ugonjwa huo ulivyo, popote duniani. Alichotiwa mdomoni kabla ya kula ni dawa ya daktari, na ndiyo iliyomwezesha kula. Aliposhikwa na palu, mimi mume wake niliulizwa kama ana ugonjwa mwingine, nikasema hana. Alipewa kwinini, ambayo mtu wa ugonjwa ule hapaswi kupewa. Odile aliona inamdhuru, akaja kuniambia, nikamdhihaki. Dada yake alipaliwa kwa sababu koo lilikuwa limekwisha nguvu. Maji yangempalia vilevile. Mnaotaka kumuuliza mtu, niulizeni mimi, na fanyeni haraka.

Odile, sikuombi unisamehe. Sina hakika hata ni kosa lipi ningeliombea msamaha, na mtu haombi msamaha kwa "labda". La kunyamaza ninalijua, hilo halina labda. Ninaliweka mbele yako bila kuomba kitu juu yake. Nikikusikia Jumapili uko uani nitafurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Usipokuja nitaelewa, au nitajaribu.

Kuna jambo moja lililobaki, nalo ninaweza kukupa. Walikufukuza kabla ya mazishi, na hakuna aliyewahi kukuonyesha kaburi. Wachimba makaburi wamebadilisha barabara za upande ule, kwa hiyo nilimwomba Béatrice aende akaipite njia kwa miguu, kisha aniambie nikuandikie. Ukishuka kwenye basi mbele ya makaburi, ingia kwa lango dogo, lile kubwa limefungwa. Fuata ukuta mkono wa kushoto mpaka mahali matofali yanapokwisha na wavu unapoanza. Hapo geuka ndani, pita safu tatu. Ni la pili kutoka kwenye njia, kati ya kaburi la vigae vyeupe na la mtoto mdogo. Saruji imepasuka na jina limefutika, usilitafute jina. Béatrice amelifyeka, utaliona kwa sababu ndilo peke yake lisilo na majani. Mlinzi atakuuliza wewe ni nani kwa marehemu, huwauliza wote. Mwambie ni dada yako, na kwamba wewe ndiye uliyekuwa unamlisha.

Ubaki na amani niliyokunyima,

Mulamu wako, mume wa Georgette